Barua kutoka Toronto: Mtangazaji wa Darini

Toronto, Canada
Februari

Mpwa wangu mpenzi Saumu,

Barua yako imenifikia salama, nami huku sina neno ila baridi. Theluji imelala barabarani tangu nifike, na watu wanaikanyaga kama sisi tunavyokanyaga mchanga wa Nyali. Nimefurahi kusikia redio ya mtaani imekukabidhi kipaza sauti utangaze mechi za ligi ndogo. Umeniuliza mtangazaji wa mpira anaanzia wapi. Mimi si mtangazaji, ni msikilizaji tu wa miaka mingi. Lakini mji huu ulikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake inajibu swali lako vizuri kuliko ushauri wangu. Jina lake ni Foster Hewitt. Alifariki mwaka 1985, na mpaka leo ukimtaja mbele ya mzee wa Toronto, uso wake unachangamka.

Kwanza uujue mchezo wenyewe. Watu wa huku, ukisema michezo, wanaelewa hoki ya barafu. Kila upande una wachezaji sita uwanjani pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye chuma chini na wameshika magongo. Hawana mpira wa duara. Wanagombea kisahani kizito cheusi wanachokiita paki, na shuti kali linaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Mchezaji asiye kipa kwa kawaida hamalizi hata dakika moja kwenye barafu kabla ya kwenda benchi kupumzika na mwenzake kuingia, mchezo ukiendelea bila filimbi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika ishirini ishirini. Mimi, hata nikiwa nimekaa uwanjani na macho yangu mawili, paki inanipotea. Sasa fikiria kazi ya mtu wa kumweleza hayo mkulima aliye maili elfu moja mbali, ambaye anachokiona mbele yake ni sanduku la mbao lenye taa ndogo.

Nilikwenda kuutafuta uwanja alikofanyia kazi, Maple Leaf Gardens, ulio Mtaa wa Carlton kwenye kona ya Mtaa wa Church. Jengo bado limesimama na matofali yake ya manjano na kuba lake kubwa. Ukiingia mlango wa chini, hukuti uwanja. Unakuta duka kubwa la vyakula. Akina mama wanachagua nyanya, watoto wanalilia keki. Kwenye njia ya 25, katikati ya rafu, kuna duara jekundu sakafuni linaloonyesha palipokuwa katikati ya uwanja. Wengi wanalipitia na vitoroli vyao bila kuangalia chini. Orofa za juu zimechukuliwa na chuo kikuu, nacho kimejenga uwanja wa barafu chini ya kuba lile lile la zamani. Nilipolitazama kuba hilo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanamkumbuka Hewitt kwa mahali alipokaa kama wanavyomkumbuka kwa sauti yake.

Alizaliwa hapa hapa Toronto mwaka 1902. Baba yake alikuwa mhariri wa michezo wa gazeti la Toronto Daily Star, na pia katibu wa chama cha hoki cha jimbo la Ontario. Kwa hiyo tusidanganyane: mlango ulifunguliwa na baba. Kijana aliingia gazetini kama mwandishi, na mwaka 1922 gazeti hilo likaanzisha kituo chake cha redio, CFCA. Redio ilikuwa kitu kipya, hakuna aliyejua itumike kwa nini. Mwezi Februari 1923, Foster akiwa na miaka ishirini, alitumwa uwanja wa Mtaa wa Mutual kutangaza mechi. Uwanja ule ulibomolewa mwaka 1989.

Vifaa vyake vilikuwa simu. Alisema kwenye simu, simu ikapeleka sauti kituoni, kituo kikairusha hewani. Ili kelele za mashabiki zisimfunike, walimtengenezea kibanda cha vioo kando ya uwanja, kidogo hata miguu haikunjuki. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye vioo, akawa anaufuta kwa mkono huku anatangaza. Inasimuliwa kwamba waendesha mitambo ya simu nao waliingilia katikati wakiuliza anataka namba gani. Alitoka humo akiamini kwamba jambo kama hilo halitarudiwa tena.

Miaka mingi Foster alisimulia kwamba usiku huo ulikuwa Machi 22, na kwamba ndio ulikuwa utangazaji wa kwanza wa hoki duniani. Magazeti ya wakati huo yakifunuliwa yanasema vingine. Yeye mwenyewe alikwisha tangaza tangu Februari 16. Kabla yake, Februari 8, mwenzake wa gazeti lile lile, Norman Albert, alikwisha tangaza kipindi cha tatu cha mechi nyingine. Na Machi 14, huko Regina, mji wa mbugani magharibi, Pete Parker alitangaza mechi nzima ya wachezaji wa kulipwa. Nakutajia majina haya makusudi. Norman Albert alitangulia, lakini nchi haimkumbuki. Hewitt hakuwa wa kwanza. Aliyebaki ni yeye. Katika kazi hii, Saumu, kuwa wa kwanza ni habari ya siku moja. Kubaki kunataka uirudie kazi Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka watu wakukose usipokuwapo.

Sasa nikupeleke kwenye jambo lililonivutia zaidi ya yote. Mwaka 1931, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, mmoja wa wenye timu ya Toronto, Conn Smythe, aliamua kujenga uwanja mpya. Watu walimwona mwendawazimu. Fedha zilipopungua, mafundi walikubali sehemu ya ujira wao iwe hisa za uwanja wenyewe. Kazi ilianza Juni, na Novemba 12 mwaka ule ule milango ikafunguliwa. Timu ya nyumbani ikafungwa na Chicago mabao mawili kwa moja, lakini uwanja ulikuwa umesimama.

Wakati wa ujenzi, Hewitt aliulizwa angependa kukaa wapi. Mtu mwingine angetaka kiti cha mbele, karibu na barafu, waheshimiwa wamwone. Yeye alikwenda kwenye jengo refu la kampuni ya maduka ya Eaton, akawa anapanda orofa moja baada ya nyingine, na kwenye kila orofa anasimama dirishani kuwatazama wapita njia. Alikuwa anatafuta kimo ambacho bado unamtambua mtu kwa mwendo wake, na papo hapo unauona mtaa mzima anakotoka na anakokwenda. Aliporidhika alikuwa orofa ya tano. Basi wakamjengea kijumba kirefu chembamba, wakakining'iniza chini ya paa kiasi cha mita 17 juu ya barafu. Wakakiita gondola, kwa sababu kilifanana na chumba cha abiria kinachoning'inia chini ya ndege za puto za wakati ule. Kukifikia, ulipita njia nyembamba ya chuma juu ya kichwa cha uwanja, na mwanzoni haikuwa na hata mahali pa kushika. Wageni mashuhuri waliofika kumsalimia waliishia njiani magoti yakitetemeka. Mwigizaji wa filamu George Raft, aliyezoea kuigiza majambazi wasioogopa kitu, inasemekana ilimshinda.

Nilisimama chini ya kuba lile nikakumbuka jinsi unavyolalamika kwamba wamekuweka kwenye meza nyuma ya goli. Nenda kadai mahali pengine. Mtangazaji anayekaa karibu mno husikia matusi ya wachezaji lakini haoni winga anayekimbia peke yake upande wa pili. Anayekaa mbali mno huona mistari tu, watu wanakuwa sisimizi. Hewitt alijua kwamba msikilizaji hawezi kuona zaidi ya anachokiona mtangazaji, ndiyo maana alianza kazi yake kwenye ngazi za Eaton, kabla ya kusema neno lolote.

Kutoka kijumbani humo sauti yake ilisafiri kila Jumamosi usiku. Mwanzoni mwa 1933 vituo viliunganishwa kutoka pwani hata pwani, nchi nzima ikawa inasikia mechi ya Toronto kwa wakati mmoja. Alifungua kwa salamu ile ile kila mara: aliisalimu Canada, akawasalimu mashabiki wa Marekani, kisha Newfoundland. Newfoundland ilitajwa peke yake kwa kuwa wakati huo haikuwa sehemu ya Canada. Ilijiunga mwaka 1949. Wavuvi wa kisiwa kile walikuwa wakitajwa hewani kila wiki, miaka mingi kabla ya bendera kuwaunganisha na wenzao wa bara.

Sauti yenyewe haikuwa nzito kama unavyodhani. Ilikuwa nyembamba, ya juu, nayo ilizidi kupanda kadiri paki ilivyosogea golini, mpaka mtu aliyekuwa jikoni akajua wakati wa kukimbilia sebuleni. Na pale paki ilipoingia wavuni alikuwa na maneno yake mafupi: anapiga, anafunga! Watoto wa mitaani, wakicheza kwenye mabwawa yaliyoganda, waliyapiga kelele hayo maneno wao wenyewe kabla ya kupiga shuti. Nimekutana na wazee waliokulia mbali kabisa na mji huu, ambao hawakuwahi kuiona Toronto utotoni, na bado ni mashabiki wa timu yake. Timu waliipokea redioni, kama watoto wengi wa kwetu walivyozipokea timu za Uingereza kwenye televisheni.

Usiku mmoja unatosha kukuonyesha ugumu wa kazi ile. Aprili 3, 1933, Toronto na Boston walicheza dakika sitini bila bao. Sheria ilitaka mshindi apatikane. Wakaingia nyongeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata ya sita. Saa nane kasorobo usiku ilikuwa imepita pale Ken Doraty wa Toronto alipofunga, wakiwa wamecheza zaidi ya dakika mia moja za nyongeza. Wachezaji walikuwa wakipokezana. Aliyekuwa darini hakuwa na wa kupokezana naye. Na ukumbuke kwamba muda wote huo hakuna bao la kutangaza: ni kupigwa, kudakwa, kurudishwa, kupigwa tena. Kuifanya hali hiyo isisimue bila kusema uongo ndiko kutangaza. Bao hata mtoto anaweza kulitangaza.

Wakati wa vita kuu ya pili, rekodi za mechi zilizofupishwa zilipelekwa kwa askari wa Canada waliokuwa ng'ambo. Vita vikaisha, na mwaka 1952 ikaja televisheni. Montreal walitangulia Oktoba, kwa Kifaransa, mtangazaji akiwa René Lecavalier, mtu aliyesifika kwa kuupa mchezo huu Kifaransa safi. Toronto wakafuata Novemba 1, Hewitt akiwa kijumbani kwake kama kawaida. Lakini picha ilibadilisha mambo. Msikilizaji sasa alikuwa na macho yake mwenyewe, na aliyezoea kuambiwa paki iko wapi akaanza kuona kwamba anaambiwa anachokijua. Baada ya miaka michache, Hewitt aliachia televisheni mikononi mwa mwanawe Bill, yeye akabaki na redio. Tangu 1951 alikuwa na kituo chake mwenyewe, CKFH, herufi mbili za mwisho zikiwa za jina lake. Hapo pana funzo la ukoo pia: baba alimfungulia yeye, naye akamfungulia mwanawe. Wangapi hawakuwa na baba wa kuwafungulia? Sikupi habari hizi umwabudu mtu. Zipokee na pande zake zote.

Ila picha haikumaliza kazi yake. Mwaka 1972 Canada iliwaalika mabingwa wa Umoja wa Kisovieti kwa mechi nane, nne Canada, nne Moscow. Wacanada waliamini watashinda zote. Badala yake walifika mechi ya nane, Septemba 28, kila upande ukiwa umeshinda mechi tatu na kutoka sare moja. Ulikuwa mchana wa kazi huku, lakini shule zilikusanya wanafunzi mbele ya televisheni na maofisi yalisimama. Hewitt alikuwa na miaka 69. Walimtoa kwenye utulivu wake, wakamweka kwenye kipaza sauti huko Moscow, kwa sababu katika jambo kubwa namna ile nchi ilitaka sauti iliyoizoea.

Baada ya vipindi viwili Wasovieti walikuwa mbele, matano kwa matatu. Canada wakasawazisha katika kipindi cha tatu. Zikiwa zimebaki sekunde 34, Paul Henderson akafunga la sita. Nimeisikiliza rekodi ya dakika ile mara nyingi. Sikiliza mpangilio wake: anataja shuti, anasema Henderson amejirusha kuiwahi paki, ameanguka, anataja shuti jingine, mbele kabisa ya goli, wamefunga! Ndipo anamtaja tena Henderson, na kwamba ameifungia Canada. Hakusahau kwamba mfungaji alikuwa chini barafuni punde tu. Anguko lile, ambalo mtangazaji mwingine angelipuuza akifuata paki, ndilo linalolipa bao uzito: mtu ameanguka, ameinuka, amefunga. Na hakuna sentensi hata moja pale ya kujipamba. Kila neno ni tendo lililoonekana, kwa mfuatano lilivyotendeka. Miaka karibu hamsini ya kazi ilikuwa imemfundisha kutokuwa na haraka hata katika sekunde 34.

Jengo la Ukumbi wa Heshima wa Hoki liko kona ya mitaa ya Yonge na Front, kwenye benki ya zamani iliyojengwa mwaka 1885. Hewitt alipewa heshima hiyo mwaka 1965, na tangu 1984 kuna tuzo yenye jina lake ya kuwaenzi watangazaji. Kijumba chake hakikubahatika hivyo. Mwaka 1979, mmiliki wa uwanja, Harold Ballard, alitaka nafasi ya viti vya kifahari, kikang'olewa na kutiwa motoni. Hewitt alikuwa hai, akayasikia.

Mwenyeji wangu huku ni familia ya Wakongo kutoka Kivu, wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Jumamosi tunakaa pamoja kutazama hoki, na mtoto wao wa kiume ndiye anayenitafsiria mchezo. Kipindi kile kile kilichokulia kwenye sauti ya Hewitt kilianzisha mwaka 2008 matangazo yake kwa Kipunjabi, na mtangazaji wake mmoja akawa Harnarayan Singh, Kalasinga aliyezaliwa mji mdogo wa Brooks, jimboni Alberta, ambako wazazi wake walihamia kutoka India. Mwanzoni alikuwa akiruka kwa ndege kutoka Calgary hadi Toronto kila mwishoni mwa wiki kufanya kazi hiyo. Mwaka 2016, Nick Bonino wa Pittsburgh alipofunga bao muhimu la fainali, Singh aliliimba jina la Bonino mfululizo pumzi isiishe. Watu wasiojua neno la Kipunjabi walilirudia, na timu ikawaalika watangazaji wale kwenye sherehe ya ubingwa. Nyumba nyingi za Wapunjabi sasa bibi anatazama hoki na wajukuu. Huyo hakuiga sauti ya Hewitt. Alichofanya ni kile kile: aliwatafuta watu walioachwa nje ya uwanja akawaingiza.

Sisi nasi tulikuwa na wetu. Mama yako atakusimulia tulivyomsikiliza Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka mwaka 2025, akitangaza mechi za timu yetu ya taifa, Harambee Stars, nasi tukiwa barazani tukamwona Mahmoud Abbas akiruka langoni. Namaanisha tulimwona. Mpaka leo naikumbuka mipira aliyodaka, ambayo macho yangu hayakuiona kamwe.

Basi nirudi kwenye swali lako. Anzia kwenye kiti. Fika uwanjani mapema, zunguka, panda jukwaani, panda hata ukuta wa jirani ukiruhusiwa, mpaka upate pahali unapomtambua kila mchezaji na bado unaona goli zote mbili. Nenda mazoezini katikati ya wiki ukajue nani anatumia mguu wa kushoto na nani anakimbia ameinamisha bega, maana jezi za ligi ndogo namba zake hufutika kwa kufuliwa. Taja matokeo na dakika mara kwa mara. Kuna mtu amewasha redio sasa hivi. Wasemee wenye timu ndogo kama unavyowasemea wenye kubwa, hasa wewe unayejua kilio cha kuachwa nje. Na mchezaji akianguka, mtaje, hata kama mpira umekwenda kwingine. Huenda dakika hiyo hiyo akainuka akafunga.

Kuhusu wale wanaosema sauti yako ni nyembamba kwa kazi hii, sitawajibu. Wewe ukimaliza mechi ya kwanza nitumie rekodi nzima, pamoja na yale uliyokosea, usikate kitu. Nisalimie mama yako, mwambie zile nguo za baridi alizonicheka ndizo zinazonisitiri. Nyanyako mpe mkono kwa niaba yangu.

Mjomba wako akupendaye